Nilichokiona Chini ya Meza Yako

Mpendwa dada Tusekile,

Ijumaa nilipokupigia simu nikaanza kuuliza habari za mvua za Makambako, ulinikatisha.

"Atu, mwaka wa pili huu unanipigia kuuliza mvua. Sema unachotaka kusema."

Nikasema ni kuhusu siku ile ya usaili. Nikasikia mashine ya kupasua mbao ikinguruma nyuma yako, ikamaliza ubao mzima, ikatulia. Kisha ukasema taratibu, "Usiniambie kwa simu. Kwa simu utalia, na ukilia nitakuonea huruma kabla sijajua ni huruma ya nini. Andika. Andika yote, usiruke kitu."

Basi naandika. Leo Jumapili, nimetoka ibadani, nimejifungia chumbani kwangu hapa Kawetele. Karatasi mbili nimeshazichana kwa sababu zote zilianza kwa kujitetea. Hii isijitetee. Tena sitaifanya siri ya watu wawili. Nakala moja nitampa mkurugenzi wangu, nyingine atasomewa mama mkubwa, kwa sababu uongo wangu niliusema mbele ya watu, na sioni haki ukweli ukujie wewe peke yako kwa kunyatia.

Kwa ajili ya mkurugenzi, niseme kwanza sisi ni nani. Mama yako ni dada mkubwa wa mama yangu. Mama alipofariki nikiwa darasa la pili, mama mkubwa alikuja Ikuti akanichukua, akanileta kwenu Lufingo na begi moja la nguo. Wewe ulikuwa darasa la sita. Siku ile ya kwanza sikutaka kula wala kusema na mtu. Ulinikuta nimejikunyata nyuma ya jiko la nje, ukaokota kipande cha mkaa, ukaanza kuchora ukutani bila hata kuniangalia. Ulichora kuku, ukachora vifaranga, halafu ukanipa ule mkaa.

"Mmoja amepotea," ukasema. "Mchore wewe, mama yake anamtafuta."

Nilichora kitu kama kiazi chenye miguu. Ukakitazama sana, ukasema ndiye huyo huyo.

Nadhani hukumbuki. Mimi nakumbuka kwa sababu ndiyo siku niliyojua kwamba mkono unaweza kusema kitu unachoshindwa mdomo. Nakumbuka pia ukuta wa shule ya Jumapili, uliokuwa umetoka kupakwa chokaa, nikamchora hapo mzee wa kanisa na tumbo lake. Alipotupanga mstari watoto wote akauliza nani kafanya, mimi nilitazama chini. Wewe ukatoka mbele ukasema, "Ni mimi." Ulishinda Jumamosi nzima ukiupaka upya peke yako. Tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani ulisema neno moja tu: "Siku nyingine tumbo liwe dogo."

Ndivyo tulivyokua. Ulipopata kazi kwenye steshenari ya Mzee Ambakisye, karibu na stendi ya Tukuyu, ulijifunza kompyuta kwa kuiangalia tu, na miezi sita haikupita watu wakawa wanatoka mpaka Mwakaleli kuja kutengenezewa kadi ya harusi na "yule binti". Bango la kwaya lilikuwa lako, ratiba ya mazishi ilikuwa yako. Nilipomaliza kidato cha nne uliniombea kiti kidogo pembeni yako, ukanifundisha kila kitu: namna ya kuacha nafasi ili jicho lipumzike, namna ya kuchora mkono wa mtu bila kuufanya ufagio. Kitu kimoja tu nilikuzidi. Wewe ukishaanza kuchora ulisahau kuhifadhi kazi. Nilikuwa nanyoosha mkono mbele yako nabonyeza mwenyewe. "Dada, sevu," nilikuwa nasema mara kumi kwa siku. "Sevu wewe," ulikuwa unajibu, "mimi nachora."

Ndiyo maana ninapofika hapa mkono unakuwa mzito.

Tangazo uliliona wewe. Shirika la vitabu vya watoto lilikuwa limefungua ofisi hapa Tukuyu, linatafuta mchoraji mmoja wa ajira. Mmoja. Ulinisomea ukiwa umesimama mlangoni mwa steshenari, na nikaona jinsi ulivyokuwa ukishika ile simu, kama mtu aliyeshika yai.

"Tutume wote wawili," ukasema.

"Nafasi ni moja, dada."

"Nyumba nayo ni moja. Atakayepata, imepata nyumba."

Uliamini hivyo. Mimi niliitikia kwa kichwa, lakini moyoni nilishaanza kuhesabu. Niseme ukweli kuhusu moyo wangu wa siku zile, kwa sababu umeniambia nisiruke. Nilikuwa nimechoka kuwa mdogo wake Tusekile. Mteja akisifia kadi niliyoitengeneza mimi, alikuwa anauliza, "Hii ni ya dada yako?" Nikisema ni yangu, wengine walicheka kidogo, kama wanaomsifu mtoto. Sikukuchukia hata siku moja. Lakini nilitamani, walau mara moja, niingie mahali ambapo hukuwahi kufika kabla yangu.

Tulituma maombi na sampuli za kazi zetu. Waliitwa watu watatu kwenye usaili wa vitendo: wewe, mimi, na kijana mmoja wa Mbeya anaitwa Gerald. Barua ilisema tutapewa hadithi ya ukurasa mmoja, na kuanzia saa tatu hadi saa sita tuwe tumechora picha moja kwenye kompyuta na kupanga ukurasa wake, kwa ajili ya watoto wa darasa la pili. Kazi iwasilishwe kama faili.

Asubuhi ile mama mkubwa alitupikia chai ya maziwa na ndizi za kuchemsha. Akatushika mikono sote wawili akatuombea kwa Kinyakyusa, na alipomaliza akasema kwa Kiswahili chake, ambacho kazi huwa kasi, "Hiyo kasi msiigombanie. Mungu anajua ni ya nani." Wewe ukaitikia amina kwa sauti. Mlima Rungwe ulikuwa umefunikwa tangu alfajiri, na upepo wa mvua ulikuwa unapiga migomba. Ulitazama juu ukasema, "Leo umeme utatutesa." Ulisema hivyo wewe mwenyewe, kisha ukasahau.

Ofisini tulipiga kura ya meza. Mimi nilipata meza ya tatu, wewe ya pili, Gerald ya kwanza. Wewe ukatoka kwenda msalani, nikaingia chumbani kabla yako. Penseli ikanidondoka, ikaviringika chini ya meza yako. Nikainama kuiokota.

Chini ya kila meza kulikuwa na UPS, kile kiboksi cheusi kinachoibeba kompyuta kwa muda umeme ukikatika. Cha Gerald kilikuwa na taa ya kijani. Changu kilikuwa na taa ya kijani. Chako kilikuwa kimezima. Waya wa kompyuta yako haukupita kwenye kile kiboksi kabisa, ulikuwa umechomekwa moja kwa moja ukutani. Mtu aliyeandaa chumba alisahau, basi. Kazi ya kurekebisha ilikuwa ndogo kuliko kufunga kamba ya kiatu.

Nilibaki nimeinama pale kwa muda ambao kuokota penseli hauuhitaji.

Nilijiambia, akirudi nitamwambia. Ukarudi. Ulipita nyuma yangu ukaweka mkono begani kwangu, ukaninong'oneza, "Atu, usiogope. Chora kama tupo nyumbani." Mkono wako ulikuwa na baridi ya maji ya bomba. Nikafungua mdomo. Pale pale akaingia Baraka, yule kijana wa kompyuta, pamoja na mkurugenzi, Mama Shayo, wakatugawia karatasi za hadithi.

"Kabla hatujaanza," Mama Shayo akasema, "kuna mwenye swali lolote kuhusu vifaa?"

Uligeuka ukanitazama, ukatabasamu, kuuliza kama niko sawa. Nikatikisa kichwa kwamba sina swali.

Dada, hicho ndicho nilichofanya. Sikukata waya, sikugusa kitu. Kwa muda mrefu nilijificha ndani ya maneno hayo, kwamba sikugusa kitu. Nilijiambia pengine umeme hautakatika, na usipokatika hakuna nililofanya. Lakini nilijua tabia ya umeme wa Tukuyu mvua ikinyesha, na nilijua tabia yako. Mtu pekee duniani aliyejua vitu hivyo viwili kwa pamoja, na akajua na ule waya, alikuwa mimi.

Hadithi ilikuwa ya mtoto anayemsubiri mama yake arudi kutoka kuchuma chai, mvua inaponyesha. Tulianza. Baada ya saa moja ngurumo ya kwanza ikapita juu ya bati. Nikabonyeza kuhifadhi. Ya pili, nikabonyeza tena. Kila ngurumo nilikuwa nageuza jicho kwenye kioo chako, na kila mara niliona mkono wako ukienda, unachora, unafuta, unachora, haugusi pale pa kuhifadhi. Uliuma ulimi kidogo pembeni ya mdomo kama unavyofanya kazi ikikunogea. Midomo yangu ilikuwa inajua maneno yale mawili. Ilikuwa imeshayasema maelfu ya mara. Nikaibana.

Zilibaki dakika arobaini umeme ulipokatika.

Kiboksi changu kikaanza kulia, pii, pii. Cha Gerald kikalia. Kioo chako kikawa cheusi, na ndani ya weusi ule niliuona uso wako ukijitazama.

"Samahani," ukasema. "Yangu imezima."

Baraka akaja mbio, akapiga magoti. Nilimwona akiuona ule waya. Akakaa kidogo bila kujongea, kisha akauchomoa ukutani, akauchomeka kwenye kiboksi ambacho hakikuwa na chaji yoyote, akainuka bila kusema neno. Naye aliogopea kazi yake. Sisemi ili nigawane naye mzigo, nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Ulihifadhi?" akakuuliza.

"Hapana."

Mama Shayo akaja. Wewe ukasimama kwa heshima, mikono umeikunja mbele. Akasema, si kwa ukali, "Pole sana, binti. Lakini muda hauongezwi. Mazingira ni sawa kwa wote."

Gerald, ambaye alikuwa hatujui hata kwa salamu, akageuka kwenye kiti. "Lakini mama, zetu hazijazima. Kwa nini yake imezima?"

"Kila mtu aangalie kazi yake, tafadhali."

Mgeni alisema. Mtu ambaye kunyamaza kungemfaa kama kulivyonifaa mimi, alisema. Mimi niliinamia kioo changu nikajifanya nasahihisha rangi ya sketi ya mtoto. Hiyo ilikuwa mara ya pili kunyamaza, na ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza, maana sasa nilikuwa naona inavyokuumiza.

Hukulia. Uliomba karatasi na penseli. Mama Shayo akakuruhusu, akakukumbusha kwamba maagizo yanataka faili. "Sawa, mama," ukasema, "lakini siwezi kukaa bure." Ukachora kwa dakika zote zilizobaki, mvua ikipiga bati hata tusisikiane. Mimi nilihamishia kazi yangu kwenye flashi kabla kiboksi hakijakata pumzi, nikaikabidhi.

Ujumbe wa simu ulikuja wiki iliyofuata tukiwa shambani tunachuma chai. Mikono yangu ilikuwa imelowa, ukanisomea wewe. Ukapiga kelele mpaka majirani wakainua vichwa, ukanikumbatia pamoja na kapu langu mgongoni, majani yakamwagika. Mama mkubwa alichinja kuku. Baba mdogo na watoto wake walikuja, tukala tukiwa wengi, na hapo, mbele yao wote, ukaniuliza kama mtu anayeuliza kitu kidogo tu:

"Atu, hivi kompyuta yako ilifanyaje isizime?"

Nikasema, "Bahati tu, dada."

Ulinitazama kwa muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili. Halafu ukanisogezea bakuli la mchuzi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, ila sidhani unajua kwamba niliyaona. Mzee Ambakisye alikuambia mbele ya wateja, "Mwanafunzi amemshinda mwalimu. Pengine miaka yote hii kadi nzuri zilikuwa zake." Ulicheka. Nilikuwa nimekuja kuwasalimia, nilisimama mlangoni, nikasikia. Baada ya hapo ulianza kunionyesha kazi yako kabla ya kumpa mteja, unaniuliza kama iko sawa. Wewe, kuniuliza mimi! Kisha kwaya ya Lufingo ikakuomba bango la mkesha, ukasema mkono unauma. Haukuwa unauma. Mwisho ulimwachia mama mkubwa penseli zako zote kwenye mkebe, ukasema unakwenda Makambako kuuza mbao kwenye duka la rafiki yako, huko angalau mbao ikipimwa ni futi ngapi hakuna ubishi.

Nilikusindikiza stendi. Ulisema, "Usijali, Atu. Usaili unamwonyesha mtu alipo. Nashukuru nimejua." Basi likaondoka, mimi nimebaki na ukweli mdomoni kama kokwa ambalo sina pa kulitemea. Ningeweza kukurudishia jina lako kwa sentensi moja. Nikakuacha uende ukiamini kwamba huna kipaji.

Miaka miwili nimekaa kwenye meza ile. Vitabu vyangu vinasomwa madarasani, walimu wananishukuru. Sikudanganyi kwamba sikufurahi. Nilifurahi. Ila furaha yenyewe ilikuwa na mwiba: kila nikibonyeza kuhifadhi kazi, kidole kinanikumbusha.

Sasa sikia lililonifanya nipige simu. Shirika linaongeza mchoraji wa pili. Jumatatu iliyopita Mama Shayo aliniita akasema, "Atupele, wewe ulipita usaili wetu, unaujua. Andaa wa safari hii. Chumba, hadithi, vigezo, vyote." Akanipa funguo za kabati la majalada nikatazame ule wa zamani ulivyokuwa.

Ndani ya jalada nilikuta karatasi yako.

Mimi nilikuwa nimechora mtoto amesimama mlangoni anatabasamu, mama anakuja kwa mbali na kapu. Picha safi. Wewe ulichora kutoka kwenye kimo cha mtoto. Mama haonekani uso. Inaonekana kanga iliyolowa imegandamana na magoti, miguu peku yenye tope, kapu limeshushwa chini, na mkono mdogo umeshika pindo la ile kanga kwa nguvu mpaka kitambaa kimekunjamana. Ni hivyo tu. Nilikaa sakafuni. Nilikuwa na miaka minane tena, nyuma ya jiko, na nilijua mkono ule ni wa nani.

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, msaili mmoja aliandika: "Mchoro bora wa siku. Hakuna faili, hauwezi kupewa alama." Ndivyo walivyosema juu yako, dada. Maneno hayo yamekaa kabatini miaka miwili, na wewe uko Makambako unapima mbao.

Jumatano niliingia kwa Mama Shayo, nikafunga mlango. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema, "Mama, siku ya usaili wangu niliona UPS ya meza ya pili haijaunganishwa. Ulipouliza kuhusu vifaa, nilijua. Yule ni dada yangu."

Aliweka kalamu chini.

"Unajua unachoniambia?"

"Najua, mama."

"Nilimwambia yule binti mazingira ni sawa kwa wote." Alisema kama anayejisemea. "Vifaa vilikuwa vyetu. Wa kwanza kukosa ni mimi, nilipaswa kukagua. Yule kijana wa Mbeya aliniuliza, nikamnyamazisha." Kisha akanitazama. "Lakini wewe ulinyamaza kwa damu yako. Hilo sijui niliweke wapi."

Hakunifukuza. Alisema mkataba wangu unaisha mwishoni mwa mwaka, na hawezi kuniahidi kama utaongezwa, wala nisimuulize kabla ya wakati. Amenitoa kwenye maandalizi ya usaili. Nikamwomba akupe wewe nafasi hii mpya. Akakataa.

"Kazi ya huruma itamdhalilisha mara ya pili," akasema. "Aje afanye usaili kama wenzake. Safari hii kila mtu atakagua meza yake mwenyewe kabla ya kuanza, umeme ukikatika muda utafidiwa, na anayetaka kuchora kwa penseli achore, tutaskani wenyewe. Mwambie. Na umwambie na hilo lingine, kwa mdomo wako, kabla hajaamua kuja."

Ndiyo nikakupigia Ijumaa.

Jana nilikwenda Lufingo. Mama mkubwa alikuwa anapukuchua maharage barazani, nikakaa mbele yake kwenye kigoda, nikamweleza yote, hata yale maneno mawili ambayo sikuyasema. Mikono yake haikusimama mpaka nilipofika kwenye "bahati tu, dada". Hapo ikasimama.

"Nilikula kuku yule," akasema. "Nilimshukuru Mungu, ndaga fijo, mbele ya mwanangu anayelia moyoni."

"Nisamehe, mama."

"Mimi siyo niliyekaa meza ya pili."

Akarudi kwenye maharage yake. Nilipoaga aliitikia, lakini hakuinuka. Tangu nihamie mjini hakuna siku niliyotoka pale bila mama mkubwa kunisindikiza mpaka barabarani, mkono wa ndizi kichwani mwake, tukibishana nani aubebe. Jana nilishuka kilima peke yangu, mikono mitupu. Sikunung'unika. Nilipofika kwenye daraja la miti nilisikia akiniita. Nikageuka haraka. Alikuwa amesimama juu, hakushuka.

"Mwambie aje kwa ajili ya kasi," alipaza sauti. "Asije kwa ajili yako. Umesikia?"

Nimesikia, na nimelileta neno lilivyo.

Usaili ni Jumanne ya wiki ijayo, siyo hii ya keshokutwa, saa tatu. Jina lako limeshaandikwa kwenye orodha, ukitaka lifutwe utapiga simu ofisini, siyo kwangu. Siku hiyo mimi sitakuwa mjini kabisa, nimetumwa shule moja huko Ikuti kuwasomea watoto. Hutakuta uso wangu mlangoni, wala hutalazimika kuniambia lolote ukiwa na kazi ya kufanya. Ukichagua kutokuja, nitaelewa, ila naomba kitu kimoja: usibaki huko kwa kudhani kwamba usaili ule ulikuonyesha ulipo. Ulionyesha nilipokuwa mimi.

Nilikuwa nimepanga kumalizia kwa kuomba msamaha, na nimeuandika mara tatu nikaufuta. Ukiusoma hapa utaona kama ada ya mlangoni, kwamba nimelipa, nifunguliwe. Sidai kufunguliwa. Nitaendelea kukupigia, nawe upokee siku utakayotaka, na sitauliza habari za mvua.

Sijui kama bado nina haki ya kuweka sahihi ninayoiweka hapa chini. Nimefikiria jina jingine la kuweka kwako, sikulipata. Ulinipa hilo siku nilipofika, na sijawahi kuwa mtu mwingine mbele yako.

Mdogo wako,
Atupele